Pipa la Tatu

Pipa la tatu lilikufa Februari,
na aliyelilea kwa miaka arobaini na minne
alipita kando yake akipiga mluzi.

Nili ni kiumbe. Hula pumba za ngano na majivu,
hulewa kidogo ikipewa pombe ya mchele,
na ikiugua hainyamazi: hubadili harufu.
Baba mkwe aliinama tu, akavuta pumzi moja,
akasema: chokaa. Au: iacheni ilale.
Sikuwahi kumwona akishika kipimo.

Siku ile uozo ulinipokea mlangoni
kama mdai. Yeye akaniuliza, "Unalia nini, Chizuru?"
Hapo nikakumbuka wali ulioungua Jumapili,
naye ameketi hatua mbili kutoka jikoni, anasoma gazeti;
supu alivyoitia chumvi, akaitia tena;
na kile kidonda cha kidole gumba,
alipokatwa na waya kabla ya mwaka mpya, kingali wazi.

Mafua ya Desemba, alisema. Yatapita.
Alikuwa amejua kwa wiki tisa.
Wiki tisa aliinama juu ya mapipa yetu
akisema chokaa kwa kubahatisha.

Daktari Awano, wa kliniki iliyo ng'ambo ya mto Yoshino,
ni kijana, ana sauti ya mtu anayehesabu chenji.
Alitoa damu. Aliuliza mzee anakula nini.
Wali. Figili ya chumvi. Chai.
Tangu lini?
Tangu mke wangu afariki.

Majibu yakaja: zinki imepungua mwilini.
Baba mkwe akacheka kicheko kikavu.
"Zinki? Ndoo zangu zote zimepakwa zinki.
Bati la banda limepakwa zinki. Nimeishi chini ya zinki
maisha yangu yote, nije niugue kwa kuikosa?"

Daktari hakuuza matumaini kwa jumla.
Kama njaa ya zinki ndiyo iliyofunga, alisema, vidonge huenda vikafungua.
Kama ni mafua yaliyounguza nyuzi za pua,
vidonge ni maji juu ya jiwe,
na leo siwezi kukwambia ni lipi.
Kimoja baada ya chakula; ukimeza na njaa, tumbo litakukasirikia.
Na unuse kila siku, hata kama hunusi kitu.

Unuse hata kama hunusi kitu.
Nikampangia vichupa vinne dirishani:
ganda la yuzu, mafuta ya ufuta, maranda ya mwerezi,
na cha nne, tope la nili kutoka pipa la kwanza.
Asubuhi na jioni, kila kichupa sekunde ishirini,
amefumba macho kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.
Nilimpikia chaza, maini, mbegu za maboga.
Kidonda kilifunga mwezi Machi.
Pua ilibaki mlango wa nyumba iliyohamwa.

Basi mimi nikawa pua. Niliinama, nikamweleza:
leo linanuka kama zizi lililofagiliwa.
"Lililofagiliwa asubuhi au jioni?"
Kama chai iliyolala.
"Katika birika la chuma au la udongo?"
Miaka sita nilikuwa mkamuaji wa vitambaa katika banda lile
na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Juni, mvua zikinyesha, alikuwa akivaa viatu
akasimama kwa mguu mmoja, akageuka.
"Paka," akasema. "Paka amekojoa humu ndani."
Kweli alikuwa amekojoa, nyuma ya magunia ya majivu.
Tukasimama wawili tukiunusa ule mkojo
kama watu waliotembelewa na mgeni wa heshima.

Yuzu bado haijarudi. Ufuta unamjia kama mpira unaoungua.
Ni vidonge, au ni miezi tu? Daktari hasemi.
Jana aliinama juu ya pipa la tatu, jipya,
akakaa pale muda mrefu.
"Sema wewe kwanza."
Nikasema: linataka pumba.
"Mm," akajibu,
akaenda kuleta chokaa.